Nafasi ya Kambale

Mama Mujinga alikuwa muntu wa kuuliza. Wengine wanazaliwa na kiu ya maji, yeye alizaliwa na kiu ya habari za wenzake, na kama si kazi ya picha, watu wangemuita mumbea na mambo yangeishia hapo. Lakini mupiga picha akikuuliza jambo, wewe unajibu, maana unafikiri ni kwa ajili ya picha. Ndiyo sababu aliipenda kazi ile tangu Lubumbashi, tangu studio ya baba yake, mpaka hapa Bruxelles ambako naye amefungua ya kwake, chumba kimoja cha chini huko Etterbeek, kati ya kinyozi na fundi wa viatu.

Samedi hiyo, yaani Jumamosi, alianza na kazi inayomupa mukate: picha za carte d'identité, za vitambulisho. Mama mumoja kijana alimuleta mutoto wake, kichanga cha miezi mitatu. Na ninyi munajua commune, ofisi ya mutaa, wanavyotaka: uso mbele, macho wazi, mudomo umefungwa, nyuma peupe. Sasa nani atamuambia kichanga afunge mudomo? Mujinga alimukalisha mama kwenye kiti, akamufunika shuka jeupe toka kichwani mpaka magotini, kisha akamuweka mutoto juu ya mapaja yake. Mama akawa kiti, na shuka likawa ukuta. Mutoto akalia. Akapiga miayo. Akafunga macho.

Mujinga akangoja. Kungoja ndiyo nusu ya kazi yake.

"Maman, baba yake anafanyaka kazi gani?" aliuliza toka nyuma ya kamera.

"Ni mupishi," sauti ikajibu chini ya shuka.

"Anapika na nyumbani?"

"Alors, hiyo nayo munaandika ku carte?"

Mama akacheka, mapaja yakatikisika, na mutoto akafungua macho kwa mushangao, mudomo umefungwa vizuri kama muntu aliyesikia siri. Mujinga akabonyeza. Picha ikapatikana, na yeye akajua kwamba mupishi hapiki nyumbani hata chai.

Akafuta vioo vya kamera, akabadilisha betri, akachukua kigoda chake cha kukunja, akashika njia ya Flagey. Pale alikuwa na kazi kubwa ya siku.

Muteja alikuwa Gracieuse, musichana mwenye asili ya Butembo, anayehudumia wagonjwa kwenye hospitali kubwa ya Jette. Alikuwa ameeleza yote ku telefone, haraka haraka, kama muntu anayepika huku anaongea: "Papa yetu anarudia kwetu Mardi. Anarudia kabisa, Maman, hatarudi tena huku. Ndege mpaka Entebbe, kisha barabara ya Kasindi. Kitu anaomba ni kimoja tu: picha na batoto yake, ya kutundika mu salon ya Butembo, bandugu banapoingia banatuona."

Mujinga aliwangojea kando ya maziwa, pale chini ya uwanja wa Flagey, mahali ambapo bata wamezoea kupigwa picha kuliko watu. Akawaona wanakuja kwa mguu. Mbele, Papa Éliézer, muzee mwembamba wa suti ya kijivu na kofia, anaegemea fimbo. Nyuma yake wana wawili wakubwa na Gracieuse wa mwisho, amevaa kitenge kipya. Muzee alikuwa anahema.

"Papa, karibu. Mumetembea toka wapi hivi?"

"Toka metro," Gracieuse akajibu. "Bus zimejaa sababu ya marché, soko ya Samedi."

"Na trami je? Si inasimama pale juu?"

Kijana mumoja akakohoa. Gracieuse akaangalia viatu vyake.

"Papa hapandake trami," akasema.

"Hapandake kwa nini?"

"Bon, Maman, tuanze na picha."

Mujinga akalimeza swali, lakini halikushuka. Lilimukwama pale kooni kama mufupa wa samaki.

Akaanza kupanga watu. Muzee kwenye kigoda, mbele. Yule kijana murefu akamuweka katikati nyuma, kaka yake mufupi akamuweka kando, Gracieuse upande mwingine. Picha ya familia ni kama nyumba, nguzo ndefu inakaa katikati. Akarudi nyuma, akainua kamera, na alipoangalia ndani, wote walikuwa wamekwisha kubadilisha nafasi. Akawapanga tena, wakajipangua tena.

"Pardon, hapa nani mupiga picha?" akauliza.

Muzee akacheka kidogo. "Maman, usikasirike. Kwetu mutoto hapimwe na metre. Uyu mufupi ni Paluku, wa kwanza. Uyu murefu ni Kasereka, wa tatu. Ukisikia jina ya Munande, muntu wa Butembo kama sisi, unajua mama yake alimuzaa wa ngapi. Basi na kwa picha banasimama vile balikuja duniani."

"Kumbe," Mujinga akasema, na moyo wake ukafurahi, maana alipenda kujifunza. "Paluku wa kwanza, Kasereka wa tatu. Na wa pili?"

Hapo ndipo alipoona kwamba kati ya Paluku na Kasereka wameacha pengo. Si pengo la kubahatisha. Lilikuwa limetosha muntu muzima na mabega yake.

"Haya, sogeeni, tujaze hiyo shimo."

Hawakusogea.

"Pale iko na mwenyewe," Papa Éliézer akasema. "Ni nafasi ya Kambale."

Mujinga akatabasamu. Jambo hili alilijua. Pale Lubumbashi, baba yake alikuwa bingwa wa mambo haya. Kila harusi ilikuwa na mujomba aliye Ulaya, na kila mujomba aliye Ulaya aliingizwa kwenye picha na kuonekana amekula pilau pamoja na wengine. Watu walicheka, wakalipa, wakaenda.

"Ah, Papa, iyo si shida. Munitumie sura yake ku telefone, mimi nitamutia pale na montage. Hata mama yake mwenyewe hatajua."

Akaona nyuso zimebadilika. Gracieuse alishika mudomo. Kasereka, yule murefu, aligeuka akawaangalia bata. Muzee aliweka mikono miwili juu ya fimbo.

"Maman," akasema polepole, bila hasira, "kwetu muntu ya montage ni ule tulizika. Ukimutia muntu muzima vile, umemuitia kifo. Kambale yangu leo asubui alikunywa chai."

Mujinga akapiga goti moja kwenye majani. "Pole, Papa. Sikujua. Kule kwetu tunatiaka ata bazima."

"Kule kwenu munakulaka ata vinkubala," Paluku akasema, "wadudu wenye manyoya, muko nakula na muko nasifu."

"Na ninyi Banande kwa biashara munaweza kuuza ata kivuli ya mukwe yenu kama ameacha mulango wazi."

Muzee akacheka, safari hii kwa kweli, na hewa ikarudi. Basi Mujinga akainua kamera na kupiga vile walivyotaka: Paluku, pengo, Kasereka, Gracieuse, na mbele yao baba. Lakini mifupa ya kooni sasa ilikuwa miwili. Muntu hapandi trami. Muntu mwenye mwana wa pili, muzima, aliyekunywa chai asubuhi, na hayupo hapa. Alikunywa chai wapi?

"Iko mbali, Kambale?" akauliza kama anayeuliza habari za mvua.

"Iko hapa hapa Bruxelles," Paluku akajibu.

"Basi anakuja?"

"Piga tu, Maman," Gracieuse akasema.

Akapiga. Kisha akafanya anachofanya siku zote: akazivuta picha kwenye kioo kidogo cha kamera, uso mumoja mumoja, aone nani amefumba macho. Paluku, sawa. Kasereka, sawa. Gracieuse mwanga unamupenda. Papa Éliézer, macho wazi, lakini hayaangalii kamera. Yameenda kando, kushoto, juu kule kwenye uwanja.

"Papa, unifuate mukono. Angalia hapa."

Akapiga tena. Macho mbele. Akapiga tena, na toka juu, kwenye reli za barabarani, ikasikika trami inapiga kengele kuwafukuza wapita njia. Na kwenye picha ile macho yalikuwa yamekwenda tena. Sasa Mujinga akaacha kupiga ovyo. Akawa anatega sikio. Trami inapokuja, anabonyeza. Inapokwisha kupita, anabonyeza. Na kila mara ilikuwa vile vile: trami ikiingia, macho ya muzee yanakimbia kuipokea, yanatafuta pale mbele kabisa anapoketi chauffeur, dereva wake, yanasoma, kisha trami ikiondoka yanarudi kwenye kamera, yamechoka kidogo kuliko mwanzo. Mwili wote umezigeuzia reli bega, na macho peke yake yamebaki pale.

Wazee wetu walisema macho hayana pazia. Na kamera haikujua adabu ya kugeukia pembeni.

Mujinga akamuita Gracieuse kando. "Kuja nikutengeneze kilemba."

Kilemba hakikuwa na kosa lolote. Akakifungua, akaanza kukifunga upya, akamunong'oneza sikioni:

"Kambale anaendeshaka trami."

"Nani alikuambia?"

"Papa yako."

Gracieuse akataka kugeuka, Mujinga akamushika kichwa kama mutoto anayesukwa. Basi Gracieuse akasema yote pale pale, akiangalia maji. Kambale, jina la ubatizo Crispin, ndiye aliyekuwa na akili ya shule. Baba yao alikuwa na mashamba ya kahawa. Mavuno yakafuatana kwenda kumusomesha hapa, awe daktari. Mwaka wa tatu akaacha. Hakufukuzwa, hakushindwa, aliacha tu, akajifunza trami.

"Papa alisema: sikuuza kahawa yangu ili mutoto wangu apige kengele barabarani. Alisema mara moja tu. Kambale akasikia. Papa alipokuja kuishi kwangu Jette, Kambale hakukanyaga. Papa hakumufukuza, Maman, na Kambale hakukataa kuja. Kila mumoja anangojea mwenzake aanze."

"Mutoto akikunyea mukononi, haukate mukono."

"Mukono haikukatwa. Imefichwa tu mu mufuko."

"Na leo? Ulimuambia?"

"Nilimuandikia. Akajibu: niko service, ku trami ya ligne 81, nitapita Flagey. Ni hiyo tu. Nitapita."

"Atapita saa ngapi?"

Gracieuse akaangalia saa ya telefone, na sauti yake ikabadilika. "Sasa hivi karibu."

Mujinga akakaza kilemba. Akaona jambo lote mbele yake kama picha isiyopangwa. Huku baba, na baba hamufuati mutoto. Kumufuata si utaratibu wa kwao, na kwa Mujinga pia si utaratibu. Kule mwana, na chauffeur hawezi kuacha trami yake katikati ya njia na watu ndani, aje kusimama kando ya bata. Mardi, siku tatu tu toka leo, ndege inaondoka. Kwenye ukuta wa Butembo pengo litabaki pengo, na kila ndugu atakayeingia ataliangalia na kuuliza kimoyomoyo nani amekufa.

Alikuwa na uwezo mumoja tu, lakini si mudogo. Mupiga picha akisema sogea, watu wanasogea. Mawaziri wanasogea, bibi harusi anasogea, hata padiri anasogea.

Akarudi mbele ya muzee, akaangalia mbingu, akatikisa kichwa.

"Papa, shida. Lumière ya hapa, mwangaza wa picha, imekwisha."

Wote wakaangalia juu. Jua lilikuwa limekaa juu ya maji kama siagi kwenye kikaango.

"Imekwisha namna gani?" Paluku akauliza. "Si ile pale..."

Gracieuse akamukanyaga mguu.

"Mimi njo najua lumière," Mujinga akasema. "Imehama. Sasa iko kule juu, karibu na arrêt ya trami."

Papa Éliézer akamuangalia. Muntu aliyekaa sokoni Butembo na kununua kahawa kwa macho hashindwi kujua anapouziwa kitu. Kidole chake kikawa kinazunguka juu ya kichwa cha fimbo.

"Imehama yenyewe?" akauliza.

"Yenyewe, Papa. Sisi tunaifuata tu."

"Bon." Akainuka. "Kama ni lumière, muntu hawezi kukasirikia lumière."

Wakapanda mpaka kituo cha trami, kati ya watu wa marché na vikapu vyao. Trami moja ilikuwa inaondoka. Mujinga aliangalia vizuri dirisha la chauffeur liliposimamia, akaweka alama kwa mufuko wake. Pale ndipo alipoliweka pengo. Paluku upande mumoja, Kasereka na Gracieuse upande wa pili, migongo yao kwenye reli, na muzee mbele yao juu ya kigoda. Yeye mwenyewe akarudi nyuma mpaka ukutani. Bibi mumoja Mubelgiji mwenye kikapu cha vitunguu akauliza kuna nini. "Photo de famille, madame," Mujinga akamujibu. Yule bibi akasogea haraka, kisha akabaki pale pale kuangalia, naye pia alikuwa muntu wa kuuliza.

Trami ya kwanza ikaja. Ikasimama mahali pake. Ndani ya pengo, juu kidogo ya mabega ya wale wawili, akatokea mwanamuke wa nywele nyekundu, anatafuna kitu. Muzee alikuwa amegeuza shingo, akairudisha. Mujinga hakubonyeza. Trami ikaondoka.

Mujinga akaanza kujiuliza mwenyewe. Je, akitokea na kuangalia mbele tu, kama muntu asiyewajua? Chauffeur ana haki hiyo, anaangalia njia. Je, muzee akiinuka na kwenda zake? Hapo yeye Mujinga angekuwa amewafanya wote wawili kuonana uso kwa uso na kukataana, jambo ambalo mpaka leo hawakuwa wamelifanya. Mikono yake, iliyopiga picha marais wa vyama na maiti kwenye majeneza, ikaikaza kamera.

Kisha kwenye kona ikaonekana nyingine. Ilikuja polepole kuliko zile zingine, polepole sana, kama muntu anayeingia nyumba yenye mugonjwa. Mujinga akatazama kwa kamera na kuvuta karibu. Nyuma ya kioo alikuwa mwanaume wa miaka arobaini hivi, shati la kazi, na paji la uso la Papa Éliézer, lile lile, pana, lenye mikunjo miwili. Alikuwa ameisha kuwaona. Alimuona Paluku, akaona pengo, akaona Kasereka, na Mujinga aliona namna alivyolielewa pengo lile. Munande hahitaji kuelezwa. Trami ikasimama taratibu, na dirisha lake likaingia katikati ya ndugu zake.

Akalifungua lile dirisha dogo la upande, akatoa kichwa.

Mujinga akabonyeza. "Papa, angalia hapa," akasema, akabonyeza tena. "Papa, mukono wangu."

Lakini muzee alikuwa amekwisha kuinuka. Alikuwa ameipa kamera mugongo, anasimama chini ya dirisha, kofia juu, fimbo imebaki imeegemea kigoda.

"Kambale," akasema.

"Papa."

"Unakulaka?"

"Ninakula, Papa."

Muzee akaitazama trami, toka mbele mpaka nyuma, kama anayekagua ng'ombe asiye wake. Milango ilikuwa wazi, watu wanashuka, wengine wanapanda.

"Iyi kitu ni nzito?"

"Ni nzito, Papa. Inapita trente tonnes, tani thelathini."

"Na bantu mule ndani?"

"Kama imejaa, inaweza kufika deux cents, bantu mia mbili."

"Na wewe peke yako njo unabapeleka?"

"Peke yangu."

"Kama mutoto anakimbia mbele?"

"Ninamuona mbele, wakati yeye bado hajaniona. Ni kazi hiyo, Papa. Siku nzima ni kuona mbele."

"Hm," muzee akasema. Akaweka kiganja kwenye ubavu wa trami, akakiacha pale.

Mujinga alikuwa anabonyeza bila kuhesabu. Milango ikaanza kulia.

"Papa, ninapaswa kwenda. Bantu."

"Enda. Usibacheleweshe bantu."

Kambale akavuta kichwa ndani, kisha akakitoa tena kidogo. "Ninarudia na upande ule mwingine," akasema. Trami ikasogea, mukono wa muzee ukabaki hewani, akaurudisha kwenye kifua kama aliyekuwa anautafuta.

Mujinga akaja mbio na kamera, uso umekunjamana. Akaonyesha moja moja. Paluku, meno nje yote. Kasereka ameshika ukingo wa dirisha kwa vidole viwili. Gracieuse analia na kucheka, hujui kipi kimeanza. Kambale katikati, kichwa nje, juu ya wote. Na kwa baba, kofia tu, na mugongo wa suti ya kijivu. Picha zote vile vile.

"Papa, sura yako haiko ata mu moja. Amesema anarudia, tumungojee, nitapiga ingine. Sitalipisha."

Muzee akaichukua kamera kwa mikono miwili, akaiweka karibu na macho.

"Ni iyi," akasema.

"Lakini Papa, ni mugongo."

"Maman, sura yangu Butembo banayo. Nitakuwa nimeketi pale mu salon mimi mwenyewe, banione mpaka bachoke. Muntu akiingia hataniulizia mimi. Ataniulizia batoto." Akagusa kioo kwa ukucha. "Paluku, Kambale, Kasereka. Uyu kadada. Banatosha."

"Na watajua ule ni wewe?"

"Ile suti? Butembo nzima inaijua," Paluku akasema. "Alinunua mbele ya sisi kuzaliwa."

"Na wewe ulizaliwa umechelewa," baba yake akamujibu.

Saa ya Mujinga ilikuwa imekwisha. Kwaya moja ilimungojea Etterbeek, wamevaa sare, wamekwisha kujipaka mafuta usoni, na kwaya hailindi mafuta usoni muda murefu. Alikunja mukanda wa kamera polepole. Akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Alitaka kubaki, aone trami ikirudi, asikie sasa wataambiana nini, maana wameshamaliza uzito na abiria, na mambo yenyewe bado.

"Maman," Gracieuse akamuambia, "kwaya."

"Ninajua. Ninaenda."

Akawa ameanza kuondoka Papa Éliézer alipomuita.

"Maman wa picha. Wewe unapandaka hizi trami?"

"Kila siku, Papa."

"Muntu anaingilia mbele ao nyuma?"

"Popote, Papa, milango ni mingi. Lakini ukitaka kukaa karibu na chauffeur, ni mbele."

Muzee akaitika kwa kichwa kama aliyepewa dawa na namna ya kuinywa. Akachukua kigoda cha watu bila kuomba, akaitia fimbo kwapani, akavuka reli mbili huku Kasereka anasimamisha magari kwa mukono, akaenda kuketi upande ule mwingine wa kituo, mwisho kabisa, pale mulango wa mbele unapofungukia. Mujinga hakumudai kigoda. Kwaya inapigwa picha imesimama.